Wavu unaokataa maji au wavu unaokataa mafuta: upi ununue?

Kwenye gereji ninakofanya kazi, maji ya kuoshea injini yanashuka kwenye mfereji wa zege, yanapita chemba tatu, na kwenye chemba ya mwisho kuna fremu mbili za nyavu. Wavu wa kwanza ni wa chuma kisichoshika kutu, umepakwa plastiki ya jamii ya Teflon. Umwagie maji, yanajikunja kuwa matone na kukimbia juu yake kama yanavyokimbia juu ya jani la gimbi. Umwagie oili, inazama papo hapo. Wavu wa pili ni wa shaba, umeloekwa kwenye dawa mpaka ukageuka samawati. Huu maji yanaupenya kama hakuna kitu, ila oili inabaki juu, inatereza huku na huku, haina pa kushika.

Nyavu mbili, kazi moja, tabia kinyume. Wanaokuja kuniuliza wanunue mpako gani huanza na bei, halafu wanauliza utadumu miaka mingapi. Mimi huwarudisha nyuma kwa swali moja: unataka nini kipite, mafuta au maji? Ukishalijibu hilo, nusu ya vitu unavyouziwa vimeshaondoka mezani.

Tofauti inaanzia wapi

Tone la maji lina nguvu ya kujishika. Mvutano wa uso wake kwenye joto la kawaida ni kama milinyutoni 72 kwa kila mita, ilhali mafuta mengi, kuanzia petroli hadi ya alizeti, yapo kati ya 20 na 35. Pengo hilo ndilo riziki ya kazi hii yote. Ukitengeneza uso wenye mvuto mdogo, maji yataona heri yajishike yenyewe kuliko kuushika, lakini mafuta, yasiyo na nguvu hiyo, yatatandaa juu yake. Wanaopima hutazama pembe ambayo ukingo wa tone unafanya na uso. Ikizidi nyuzi 90, uso unakataa maji. Ikizidi 150, maji hayatulii kabisa, yanaviringika.

Plastiki laini peke yake haifiki 150. Teflon iliyo bapa huishia kama 110. Kinachopandisha pembe ni uso kuwa na vinundu vidogo sana, vinavyonasa hewa chini ya tone. Jani la gimbi lina vinundu hivyo na nta juu yake. Mwaka 1997 Wilhelm Barthlott na Christoph Neinhuis wa Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, walilieleza jambo hili kwa kina walipochunguza majani ya lotasi na mimea mingine, gimbi likiwemo. Pita shambani baada ya mvua ulitazame kwa karibu: tone limekaa kwenye bonde la jani, linang'aa kama zebaki kwa sababu ya hewa iliyo chini yake, na ukiligusa jani linaondoka zima zima, na vumbi la njiani limelibeba.

Njia ya pili inatoka kwa samaki. Ndege akitua kwenye maji yenye mafuta mazito hutoka amepakaa, lakini magamba ya samaki yanakaa safi, kwa sababu yameshika maji kwa nguvu na mafuta hayapati nafasi ya kuyagusa. Kundi la Lei Jiang huko Beijing lilichapisha utafiti wa magamba hayo mwaka 2009, na 2011 likatoa wavu wa chuma uliopakwa haidrojeli, yaani plastiki inayonywa maji ikawa kama ute. Kundi hilohilo ndilo lililotoa wavu wa Teflon mwaka 2004. Kwa hiyo kambi hizi mbili zimezaliwa nyumba moja, na kila moja ina kazi yake.

Wavu unaokataa maji

Huu uchukue pale ambapo mafuta ndiyo mengi na maji ndiyo mgeni. Mfano wa kila siku ni dizeli iliyoingia maji. Dizeli inapita kwenye kichujio, tone la maji linagoma, linateremka kwenye kikombe cha chini, na asubuhi dereva anafungua koki kulitoa. Kwenye mafuta ya ndege kazi hii ni ya zamani. Vichujio vya viwanjani vina hatua mbili: ya kwanza inakusanya vitone vya maji visivyoonekana mpaka viwe vikubwa, ya pili ni wavu mwembamba uliopakwa Teflon unaovizuia visiende na mafuta. Kama shida yako ni tangi la dizeli la jenereta au la pampu ya shambani, huna haja ya kusoma zaidi. Nunua kichujio cha namna hii, toa maji kila siku, na ubadilishe kichujio kwa wakati.

Lakini ukitaka kuutumia kwenye maji machafu ya gereji, yaani maji mengi na oili kidogo, utakutana na jambo ambalo video za intaneti hazilisemi. Oili huelea. Ukimimina mchanganyiko kwenye faneli yenye wavu unaokataa maji, maji yanatangulia chini, yanatanda juu ya wavu, na oili inabaki imekaa juu ya maji bila kuufikia mlango wake. Unaweza kungoja mpaka jioni. Mimi nilingoja. Ndipo nilipokaa kusoma maelezo ya majaribio yale neno kwa neno, nikaona kwamba "mafuta" yanayoshuka kwa kasi ya kupendeza mara nyingi ni klorofomu au daiklorometheni iliyotiwa rangi nyekundu. Hivyo ni vimiminika vizito kuliko maji, na sijawahi kuona gereji wala jiko linalovimwaga. Ukionyeshwa jaribio kama hilo, uliza kwanza yale mafuta ni mafuta gani.

Njia ya kulizunguka tatizo hilo ipo: usimimine kutoka juu. Ukunje wavu uwe boksi dogo linaloelea, kingo zake zikiwa juu ya usawa wa maji. Oili iliyo juu inaingia ndani kupitia kuta, maji yanabaki nje, nawe unaichota kwa kopo au unaivuta kwa pampu. Ndivyo tunavyoutumia wa kwetu, na kwa kazi hiyo unafaa sana. Angalia kina tu. Kwa hesabu, wavu wa Teflon wenye matundu ya mikromita 50, yaani membamba kidogo kuliko unywele, unazuia maji yenye kimo cha kama sentimita 20. Yakizidi hapo yanasukuma na kupenya. Matundu yakiwa makubwa mara mbili, kimo hicho kinapungua nusu. Sisi boksi letu halizami zaidi ya upana wa kiganja.

Kasoro yake ya kudumu ni kuziba. Uso unaopenda mafuta unapenda pia grisi, lami na masizi. Dizeli inapita bila shida, oili chafu ya injini inapita polepole na kuacha tope jeusi, na grisi haipiti kabisa. Kila wiki tunausugua kwa brashi laini na mafuta ya taa, halafu tunabaki na yale mafuta ya taa machafu ya kutafutia mahali pa kwenda. Hesabu gharama hiyo kabla hujanunua, maana muuzaji hatakuhesabia.

Wavu unaokataa mafuta

Kwa maji taka, huu ndio ninaoupendelea.

Sababu ni uzito. Maji ni mazito, yanatangulia chini, na chini ndiko mlango wake uliko. Yanapita yenyewe bila pampu, oili inabaki juu ikiongezeka unene mpaka uichote. Na kwa kuwa kila waya umevaa utando wa maji, oili haiugusi. Nimeutoa wavu wa shaba kwenye chemba iliyojaa oili nyeusi ya magari makubwa, nikaumwagia kopo la maji, ukarudi na rangi yake ya samawati. Ule wa Teflon ungehitaji saa nzima ya kusugua. Oili iwe nyepesi, iwe nzito, iwe mafuta ya kukaangia yaliyoganda, kwake ni mamoja.

Wa shaba una uzuri mwingine: hauhitaji plastiki yoyote. Wavu unasafishwa, unaloekwa kwenye maji yenye kostiki soda na amoni pasalfeti, na shaba yenyewe inaota vijisindano vya haidroksaidi ya shaba, vyembamba mno, ambavyo vinanyonya maji na kuyashikilia. Rangi ya samawati ni ya vijisindano hivyo. Vikikwaruzwa vinatoka, kwa hiyo usipitishe brashi ya waya, na uweke kichujio cha mchanga mbele yake. Amonia nayo inaila shaba, kwa hiyo maji ya zizi au ya machinjio usiyapeleke huko. Tumia chuma kisichoshika kutu kilichopakwa haidrojeli.

Wavu huu una sharti moja lisilo na msamaha: ulowe maji kabla ya tone la kwanza la mafuta, na usikauke. Tulijifunza hili kwa hasara. Sikukuu moja gereji ilifungwa siku nne, chemba ya mwisho ikakauka na jua. Siku ya kufungua, gari la kwanza likamwaga oili kabla ya maji. Kijana wetu akaniita: "Fundi, shikamoo, njoo uone, wavu mpya unavuja oili." Nikakuta oili inadondoka kwenye ndoo ya chini, tone baada ya tone, kama haujawahi kupakwa kitu. Vijisindano vilivyokauka vilikuwa vimeinywa oili kwa kiu ileile viliyo nayo kwa maji. Tuliuosha kwa maji ya moto na sabuni, tukausuuza mara nyingi, ukarudi kufanya kazi lakini si kama mwanzo. Tangu hapo bomba la kutolea maji tumelipandisha kama shingo ya bata, mdomo wake uko juu kidogo ya wavu, hivyo hata tukifunga wiki nzima wavu unabaki umezama. Kazi ya saa moja na kipande cha bomba la plastiki. Tungeifanya siku ya kwanza.

Jingine ni kwamba hauzuii mafuta bila kikomo. Ukiacha oili ijae juu yake, mwishowe itasukuma. Kwa matundu ya mikromita 50 na oili ya kawaida, kimo kinachovumilika ni karibu sentimita 18. Na maji yaliyopita si maji safi. Yametoka oili inayoelea, lakini yaliyoyeyuka ndani yake yamepita nayo. Sisi tunayarudisha kuoshea magari, hatumwagilii nayo mchicha.

Sabuni inaziharibu nyavu zote mbili

Hapa ndipo wengi wanapopoteza fedha, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nguvu yote ya nyavu hizi inatoka kwenye mpaka kati ya maji na mafuta. Kwa oili ya kawaida na maji safi, mvutano wa mpaka huo ni kama milinyutoni 25 kwa mita. Tia sabuni ya unga, unashuka hadi 3, pengine chini yake. Zile sentimita 18 za oili nilizozitaja zinakuwa 2. Kwa wavu unaokataa maji ni vilevile: maji yenye sabuni hayajikunji tena kuwa matone, yanatandaa na kupenya. Wataalamu wa mafuta ya ndege wanalijua hili vizuri, maana mabaki kidogo tu ya dawa za jamii ya sabuni kwenye mafuta yanatosha kuvifanya vichujio vyao viache kukusanya maji.

Ubaya wa pili ni ukubwa wa vitone. Chemba ya kawaida ya kutenganisha mafuta, ile inayofuata vipimo vya Taasisi ya Petroli ya Marekani, imepangwa kuondoa vitone vya mikromita 150 kwenda juu. Nyavu zinashughulikia chini ya hapo kidogo. Lakini sabuni na bomba la msukumo mkubwa vikikutana vinaisaga oili kuwa vitone vya chini ya mikromita 20, na kila kitone kinavaa koti la sabuni lisilokiacha kiungane na mwenzake. Hiyo ndiyo emulsheni, yale maji meupe kama chai ya maziwa. Tundu la mikromita 50 haliwezi kukizuia kitone cha 20.

Kwa hiyo kabla hujaagiza mpako wowote, fanya jaribio la chupa. Chukua chupa ya plastiki angavu, ijaze maji yako machafu kama yalivyo, uyachote yakiwa yanatiririka na si yaliyotuama, iweke dirishani. Itazame baada ya nusu saa, halafu baada ya siku nzima. Oili ikipanda na kuacha maji yenye kuonekana upande wa pili, wavu utakusaidia. Ikibaki rangi ya maziwa hadi kesho, hakuna wavu wa kawaida utakaokufaa, na wa kubadilisha ni sabuni yako. Zipo sabuni za kuoshea mitambo zilizotengenezwa kuachia mafuta upesi baada ya kazi. Sisi tulifanya rahisi zaidi: injini zinafutwa oili kwa pamba chakavu kabla ya kuoshwa, na maji ya kuoshea bodi, yenye sabuni nyingi, yana mfereji wake.

Ipo mipako inayoivunja emulsheni. Mwaka 2012 kundi la Anish Tuteja kwenye Chuo Kikuu cha Michigan lilitoa utando unaopenda maji na kukataa mafuta hata hewani, si chini ya maji tu, na ukatenganisha emulsheni zenye sabuni kwa uzito wake wenyewe, usafi ukafika asilimia 99.9, kwa zaidi ya saa 100 mfululizo. Ni kazi kubwa. Lakini umetengenezwa kwa molekuli za florini za bei ghali, na mimi sijauona kwenye duka la vifaa. Kwa mwenye kiwanda mwenye emulsheni kweli kweli, njia iliyo sokoni ni tando za kauri zenye matundu ya chini ya mikromita moja, pamoja na pampu ya kusukuma na bajeti ya kuzisafisha.

Mpako wenyewe ni wa nini

Ukishachagua upande, ndipo uulize kilichomo kwenye kopo.

Upande wa kukataa maji, mpako wa florini, yaani jamii ya Teflon, ndio wenye nguvu kuliko yote. Asidi, kostiki, petroli, hakuna kinachouondoa. Teflon inataka kuokwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 327, kwa hiyo nunua wavu uliokwisha pakwa kiwandani. Ninaouogopa ni wa kopo la kupulizia. Jamaa za florini hazivunjiki zikifika mtoni, zinakaa humo na kuingia kwenye samaki. Baadhi yake zimo kwenye Mkataba wa Stockholm, mkataba wa dunia wa kudhibiti kemikali za sumu zisizovunjika, ambao Tanzania na Kenya ni wanachama: kwa mfano, PFOS iliingizwa mwaka 2009 na PFOA mwaka 2019. Ndani ya kichujio cha dizeli kilichofungwa sina neno. Kwenye maji yanayokwenda mtoni, mpulizo wa kopo lisilosema kilichomo siutaki, hata kama wa bure.

Silikoni ni rahisi kupaka, inakauka kwenye joto la kawaida, na haina florini. Kwa mafuta ya kupikia inafaa. Kwa petroli na dizeli hapana, kwa sababu silikoni ya kawaida inavimba ikikaa ndani yake, matundu yanabana, halafu inabanduka kwenye waya.

Asidi ya steariki, ile inayotumika kwenye mishumaa na sabuni, ndiyo rahisi kuliko zote. Wavu wa shaba wenye vijisindano ukichovywa kwenye spiriti yenye steariki unabadilika kabisa tabia: uliokuwa unapenda maji sasa unayakataa. Walimu wa kemia, huu ni wenu. Wanafunzi wataona nyavu mbili za shaba ile ile zikifanya mambo kinyume. Kwa kazi ya kila siku ni dhaifu. Steariki inayeyuka kwenye nyuzi 69 hivi, inayeyuka pia kwenye mafuta ya moto, na ikikutana na kostiki inageuka kuwa sabuni yenyewe.

Upande wa kukataa mafuta, haidrojeli inaanza vizuri na kuchoka mapema. Ni laini, inakwaruzika, ikikauka inapasuka, na baadhi ya aina zinasinyaa kwenye maji ya chumvi, kwa hiyo aliye bandarini aulize swali hilo kabla ya yote. Ujanja wa kuifanya ishike ni kutanguliza safu ya polidopamini, gundi iliyoigwa kwa kome wanaong'ang'ania miamba, iliyoelezwa na kundi la Phillip Messersmith mwaka 2007. Titani dayoksaidi ni ngumu zaidi, na ina tabia ninayoipenda: ikipigwa na jua inaunguza mabaki ya mafuta yaliyoishika na kurudi kupenda maji. Kwetu jua halina bili. Ila isipakwe juu ya plastiki, maana itaila plastiki yenyewe, na ikikaa gizani inapoteza makali yake polepole. Kwenye chemba yenye mfuniko haina kazi.

Na sponji je?

Sponji iliyopakwa ni ya kambi ya kukataa maji, lakini kazi yake ni kukusanya, si kuchuja. Iwaze kwa mafuta yaliyomwagika mara moja mahali pa wazi. Julai 2020 meli ya Wakashio ilipokwama kwenye miamba ya Mauritius na karibu tani 1,000 za mafuta kuingia baharini, wananchi walishona maboya marefu ya vitambaa na kuyajaza majani makavu ya miwa, na hata nywele. Walifanya kwa walichokuwa nacho, na ni jambo la heshima kubwa. Tatizo la majani makavu ni kwamba yanakunywa maji pia, yakajaa na kuwa mazito. Hapo ndipo mpako unapohitajika. Maabara ya Argonne ya Marekani ilitangaza mwaka 2017 sponji yake, iliyofanyiwa kazi kufuatia balaa la Deepwater Horizon la 2010, mtambo wa kuchimba mafuta uliolipuka kwenye Ghuba ya Meksiko: povu la kawaida la viti, likapewa ngozi nyembamba ya oksaidi ya metali na juu yake molekuli zinazopenda mafuta. Inabeba hadi mara 90 ya uzito wake, inakamuliwa, na kurudishwa kazini.

Kwa aliye mbali na maabara, Mungu ametupa msufi. Nyuzi za sufi, zile za kujazia mito na magodoro, ni mirija mitupu yenye nta nje. Fanya hivi: beseni la maji, kijiko cha oili juu yake, halafu weka fungu dogo la sufi. Halizami. Oili inavutwa ndani mbele ya macho yako, sufi inageuka rangi ya kahawia kuanzia ukingoni, na ukiinua, maji yanayodondoka ni machache sana. Inabeba makumi ya mara ya uzito wake. Tunayo mifuko miwili ya wavu wa vitunguu iliyojaa sufi kwenye chemba ya kwanza, na ndiyo inayobeba mzigo mkubwa kabla ya nyavu za bei kuguswa. Ikijaa, inakwenda kwenye pipa la oili chafu. Haikamuliwi mara nyingi kama sponji, nyuzi zinalala, lakini kwa bei yake sioni mpinzani.

Ukiletewa sampuli

Usikubali jaribio la muuzaji na maji yake ya bomba. Mletee maji yako. Mimina lita tano, si kikombe, kwa sababu kila wavu hufanya vizuri kwenye kikombe cha kwanza. Kisha uache usiku kucha, umimine tena. Kama ni wa kukataa mafuta, ukaushe juani na kuulowesha upya, uone kama unarudi. Pitisha konzi ya mchanga juu yake, usuuze, urudie. Mwisho tia kijiko cha sabuni mnayotumia hapo hapo kazini, uone kimo cha oili kinachobaki juu kabla ya kuanza kudondoka. Pima kwa rula, uandike.

Na ujue unalenga wapi. Meli, kwa mkataba wa MARPOL, ule wa kimataifa wa kuzuia meli kuchafua bahari, haziruhusiwi kumwaga maji ya chumba cha injini yenye mafuta zaidi ya sehemu 15 kwa milioni, ambayo ni kama nusu tone la oili kwenye lita moja. Macho hayawezi kulithibitisha hilo. Maji yaliyopita wavu yanaweza kung'aa na bado yakawa na mara kumi ya kiasi hicho. Kwa hiyo chukua chupa mbili za kioo, moja ya maji kabla ya wavu na moja ya baada, uzipeleke maabara zikapimwe mafuta, kabla hujalipa kiasi kilichobaki.